Lumbesa nayo tuiungame kanisani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika ndefu, ila naomba usiikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na kila nikitaka kulisema nasita. Wiki kadhaa nyuma kuna msomaji mwenzetu aliandika humu akauliza inakuwaje makanisa yanajaa kila Jumapili, mikesha inajaa, kwaya ziko kila kona, halafu dhuluma mtaani haipungui. Tuliisoma ile barua pale kijiweni watu watano sita, wengi wakakasirika wakasema huyo anawasema vibaya watumishi wa Mungu. Mimi sikukasirika. Nilinyamaza tu nikakunja gazeti, maana kile alichokuwa anauliza mimi nakijua, nimekifanya miaka mingi kwa mikono yangu.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Mbeya, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nanunua mashambani huku juu, Isyonje, Igoma na vijiji vya Uporoto, napakia kwenye Fuso napeleka Dar. Ni Mmoraviani wa kuzaliwa na ni mzee wa kanisa kwenye ushirika wetu, yaani kanisa letu la mtaani. Sinywi, sivuti, nina mke mmoja wa ndoa, watoto wanasoma, fungu la kumi natoa, mtu akifiwa mtaani niko naye mpaka kaburini. Ukiuliza mtaani kwetu Mkristo ni nani watakutajia na mimi. Na miaka yote hiyo nilikuwa nanunua lumbesa.

Kwa wale wa mjini ambao lumbesa wanaisikia tu kwenye taarifa ya habari ngoja niieleze. Gunia la mazao kwa sheria ya vipimo halitakiwi kuzidi kilo 100. Sasa sisi wanunuzi tunakuja shambani na magunia yetu wenyewe na vijana wetu wa kujaza. Kijana anajaza gunia mpaka mdomoni, yeye na mwenzake wanalinyanyua wanalidundisha chini mara tatu nne viazi vishuke, anajaza tena, wanadundisha tena, anashindilia kwa magoti, na likishajaa kabisa ndo kwanza kazi inaanza, anachukua kamba anafuma kama wavu kuanzia mdomo wa gunia kwenda juu, na ndani ya ule wavu anapanga viazi kimoja kimoja, vile vikubwa vikubwa, mpaka kinasimama kichwa kirefu. Hapo ndo linahesabiwa gunia moja. Na bei ni ya gunia moja.

Ukituuliza tunasema ushuru unatozwa kwa gunia, kuli anapakia kwa gunia, gari linakodiwa kwa gunia, na dalali wa Dar naye gunia lisilo na kichwa analiangalia kama vile limeibiwa njiani, kwa hiyo mfanyabiashara asipobana kilo za kutosha kwenye kila gunia anakula hasara. Hayo yote ni kweli kabisa sipingi. Ila ukikaa ukaangalia vizuri unaona ushuru umelipwa, kuli kalipwa, dereva kalipwa, dalali kala chake, mimi nimekula changu, na zile kilo za juu zimetoka kwa mtu mmoja tu, mkulima, ambaye kwa hizo kilo hakupewa hata shilingi mia. Na bado mbegu kanunua yeye, mbolea kanunua yeye, dawa ya ukungu kapiga yeye kila wiki maana huku kwetu mvua na ukungu viazi vinaungua siku mbili tu.

Mwaka jana mwezi wa sita, ile baridi yetu ya huku juu mnaijua, nilikuwa kwenye shamba la mama mmoja mjane. Tulikuwa tumefika alfajiri na ukungu ulikuwa mzito huoni mtu wa mita ishirini. Magunia yake yalitoka kumi na moja, tulikubaliana elfu sitini kwa gunia. Yeye alikuwa amesimama pembeni na mabuti yake na kitenge amejifunga mabegani, hasemi kitu, anaangalia tu vijana wanavyodundisha. Tulipofika gunia la mwisho viazi vilipungua kidogo kichwa hakijakaa sawa. Sasa yule mama alikuwa amejitengea viazi kwenye kikarai kidogo, vya kupika jioni na wajukuu zake, kama kumi na tano hivi havizidi. Kijana wangu mmoja akaangalia huku na huku, akakiona kile kikarai, akakichukua akavimwagia juu ya gunia akaendelea kufuma. Yule mama akamwangalia kijana, halafu akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nahesabu hela. Niliona, nikaendelea kuhesabu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili yake nilikuwa nimealikwa kwenye ushirika wa kijiji hicho hicho, walikuwa na changizo la bati na siku hiyo hiyo kulikuwa na Meza ya Bwana, na mimi ndo nilikuwa mgeni rasmi. Nikakaa mbele kabisa upande wa akina baba. Na yule mama naye alikuwa benchi la mbele upande wa akina mama, katikati yetu ni ile njia ya kupita tu. Amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani, ila mikono yake naiona kutoka pale nilipo, ile mipasuko ya vidole udongo wa shambani umeingia hautoki hata ukisugua. Tukapokea mkate. Tukapokea kikombe. Mimi na yeye, mkate mmoja.

Ikafika zamu ya changizo. Mwinjilisti akasimama akasoma lile andiko ambalo wote tunalijua, ukilisikia tu unajua sasa ni wakati wa kuingiza mkono mfukoni, Luka 6:38, wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nimelisikia andiko hili tangu Sunday school. Nimelisoma mimi mwenyewe mbele za watu mara nyingi. Ila siku hiyo aliposema kushindiliwa na kusukwa-sukwa nikaliona gunia. Yaani niliwaona kabisa vijana wangu wakidundisha, nikamwona yule mwenye magoti, nikakiona kichwa kinavyofumwa mpaka viazi vinataka kumwagika. Bwana Yesu alikuwa anaelezea lumbesa! Tofauti ni kwamba kwake yeye anayetoa ndiye anashindilia, kwa moyo wa kupenda. Sisi anayechukua ndiye anashindilia, na aliyelima anasimama pembeni na kitenge chake. Na mstari huo huo unamalizika kwa kusema kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Hicho kipande cha mwisho kwenye changizo huwa hatukisomi kwa sauti.

Nikatoa laki tatu. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nikavishwa na kitenge. Tulipotoka nje yule mama akanifuata akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Baba, asante kwa bati zetu, Mungu akuzidishie."

Mhariri, usiku ule sikulala.

Mzigo ulikuwa bado upo stoo unasubiri gari lijae. Magunia yake nilikuwa nayajua kwa alama ya wino. Jumatatu asubuhi nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua mahindi nikayapima yote kumi na moja. Moja lilikuwa kilo 134, lingine 141, kwa wastani yalikuja kilo 138. Kama gunia halali la kilo 100 ni elfu sitini basi kilo moja ni shilingi 600, kilo 38 za juu ni shilingi 22,800, mara gunia kumi na moja ni 250,800. Laki mbili na nusu za mjane mmoja, kwa asubuhi moja. Ukichukua Fuso zima gunia 70 ni zaidi ya tani mbili na nusu za viazi ambazo sikuzilipia, kama milioni moja na laki sita hivi. Na safari kama hizo kwa msimu nafanya ngapi, na misimu ni kumi. Ile laki tatu niliyopigiwa vigelegele ilikuwa hela yao wenyewe, nimewarudishia chenji tu, na bado wakanivisha kitenge.

Kuna kitu kingine nilikiwaza siku hiyo stoo. Gari letu kutoka hapa mpaka Dar linapita kwenye mizani za barabarani kadhaa, likizidi uzito tunalipa faini, maana serikali inalinda barabara isichimbike. Lami inapimiwa mzigo unaoilalia. Yule mama mgongo wake hakuna aliyeupimia.

Nikaenda kumrudishia hela yake. Zakayo alimwambia Bwana, ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Nilipiga hesabu ya mara nne nikaona kwa hali ya mtaji wangu siwezi, nikampelekea mara moja tu, 251,000, na hilo bado linanisumbua sitaki kulificha. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamweleza yote, gunia kwa gunia, nikamwomba msamaha na kwa vile viazi vya kwenye kikarai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazihesabu zile hela taratibu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Nilitegemea atalia au atanishukuru au atanisema. Aliniuliza swali moja tu, "Baba, na wale wenzangu?"

Sikuwa na jibu. Wengine nawajua kwa sura tu, wengine wamehama, wengine wamekufa. Niliowakumbuka nimewapitia mmoja mmoja na bado napitia, wengine wananicheka wengine wanadhani naugua naaga dunia, ila swali la yule mama ndilo limenifanya niandike barua hii kwako.

Maana mimi sikuwa peke yangu, na nimekaa nikajiuliza ilikuwaje miaka kumi nisione. Jibu nililolipata ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimesikia mahubiri mengi sana maishani mwangu. Pombe nimehubiriwa, uzinzi nimehubiriwa, ushirikina nimehubiriwa mpaka nimechoka, mavazi ya mabinti tumehubiri sisi wazee wenyewe. Mtu akikutwa kilabuni anatengwa, binti akipata mimba nyumbani anasimamishwa kwaya. Sijawahi kuona mtu ametengwa kwa ajili ya gunia. Sijawahi kuona mwajiri amezuiwa Meza ya Bwana kwa sababu dada wa kazi nyumbani kwake hajalipwa miezi minne, wakati Yakobo sura ya tano anasema wazi ule ujira uliozuiwa unapiga kelele na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Dhambi za mwilini tunazijua kwa majina yake yote ila dhambi za stoo tumeziita biashara.

Na Biblia haijanyamaza hapo hata kidogo, sisi ndo tunaruka kurasa. Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza. Chukizo, Mhariri, neno lile lile tunalolitumia kwa mambo mengine tukiwa tumekunja uso. Walawi 19 inataja mizani ya haki. Kumbukumbu 25 inakataza mtu kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, yaani jiwe la kununulia na jiwe la kuuzia, na mimi nilikuwa nayo yote mawili maana shambani nanunua kwa gunia la kichwa nikifika Dar baadhi ya wateja nawauzia kwa kilo! Na nabii Amosi anawasema watu ambao wako ibadani, mwili uko pale, lakini moyoni wanauliza sabato itaisha saa ngapi tukafungue biashara, tupunguze efa, yaani kile kipimo cha nafaka, tuongeze shekeli, yaani uzito wa kupimia hela ya mnunuzi. Amosi mwenyewe alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, mtu wa shamba, alikuwa anajua gunia lilivyo.

Na jambo hili liko mahali pengi siyo viazi tu. Kule Mtwara na Lindi wakulima wa korosho wanaijua kangomba, korosho kununuliwa nje ya mfumo kwa vipimo visivyo halali na bei ya kutupa, kule Kagera wanaijua butura, kahawa inauzwa ingali maua mtini kwa sababu mtu ana mgonjwa au ada ya shule na mnunuzi anaijua shida yake. Majina tofauti ila anayelia ni yule yule. Na wanaofanya hivyo Jumapili wako kanisani na Ijumaa wako msikitini. Mwenzangu mmoja Muislamu tunayepakia naye pamoja nilipomsimulia habari hii aliniambia kwao kuna sura nzima ya Qurani inaitwa Al-Mutaffifin, inaanza kwa kusema ole wao wapunjao vipimo, ambao wakijipimia kwa watu wanataka kijae na wakiwapimia wengine wanapunguza. Tulikaa kimya wote wawili pale juu ya magunia. Siku hiyo tulikuwa tumepakia ya kwake.

Wazee wetu walilijua hili kuliko sisi. Ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukasambaa mpaka huku Tanganyika, sifa yake kubwa mtaani haikuwa kelele za maombi, ilikuwa watu kurudisha vitu. Mtu akiokoka kesho yake unamwona anarudisha mbuzi wa watu, anarudisha jembe, anaenda kwa aliyemwajiri anasema hela fulani nilichukua mimi. Wasioamini walikuwa wanajua kwamba fulani ameokoka kwa sababu mali yao imerudi. Siku hizi mtu akiokoka tunajua kwa sababu amebadilisha ringtoni ya simu. Nasema kwa uchungu na mimi yangu ilikuwa wimbo wa injili wakati nafuma vichwa vya magunia.

Sasa wapo watakaosema ndugu yetu biashara haina dini, ukitaka haki yote utafunga duka. Nisiwadanganye, nimepata tabu. Msimu uliofuata nilianza kununua kwa kilo. Mzigo ule ule uliokuwa gunia 70 ukawa gunia 97, maana yake ushuru wa gunia 27 zaidi, kuli wa gunia 27 zaidi, na magunia yenyewe ya kununua. Safari mbili za kwanza nilikula hasara ya wazi, mke wangu shahidi. Dalali niliyefanya naye kazi miaka saba aliniambia mzigo wako hauna mvuto akaacha kunipokelea. Wanunuzi wenzangu huku walinitumia ujumbe kwamba naharibu soko, mmoja ni mzee wa kanisa mwenzangu tunakaa benchi moja. Nikapata mteja mwingine, ana kibanda cha chipsi na anapeleka kwa wenzake, yeye anataka kilo na anataka zipimwe mbele yake, basi tukaelewana. Faida sa hivi ni ndogo kuliko zamani sana tu. Gari nililokuwa nataka kununua sijanunua. Ila wakulima wamenizidi, wananipigia simu wenyewe viazi vikiwa bado shambani, na mkulima akijua unapima hakuwekei udongo wala vilivyooza chini ya gunia, maana zamani na wao walikuwa wanajilipia kwa namna yao na mimi siwalaumu.

Nililipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee. Niliomba vitu viwili. Kwanza ushirika ununue mizani moja nzuri ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo, ikae kanisani, na mkulima yeyote awe wetu au wa dhehebu lingine au Muislamu au hana dini aje aiazime bure siku ya kuuza. Pili siku ya maandalizi ya Meza ya Bwana, pale tunapoulizwa kama tuna neno na ndugu zetu, mchungaji aulize na la biashara: kuna mtu umempunja, kuna mtu hujamlipa. Na akiwa yupo basi tufuate Mathayo 5, sadaka uiache pale mbele ya madhabahu uende ukapatane naye kwanza, halafu urudi.

Lilizuka jambo. Mzee mmoja akasema mnataka kugeuza nyumba ya Mungu iwe soko. Nikamjibu kwa heshima kwamba mzee wangu, Bwana Yesu alipopindua zile meza hekaluni aliwaambia wameifanya nyumba yake pango la wanyang'anyi, na pango ni mahali mnyang'anyi anapokuja kupumzika baada ya kazi, kazi yenyewe kaifanya nje huko. Sikutaka kumvunjia heshima na kama alikwazika kupitia barua hii namwomba radhi, ila hoja yangu sijaiondoa. Mwingine akasema tukianza hivyo watoaji wakubwa watahama. Inawezekana. Mchungaji wetu alisikiliza kimya muda mrefu halafu akasema neno moja tu, kwamba na yeye posho yake inatoka kwenye sadaka hizo hizo na hajui aombe vipi. Nilimheshimu sana kwa hilo. Jambo halijapitishwa, limeahirishwa mara mbili, kikao kingine ni mwezi ujao.

Sisi Wamoraviani tuna maneno yetu tangu wazee, yako kwenye nembo, watoto wanayaimba, Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Wamisionari walileta hayo maneno Rungwe mwaka 1891 na babu zetu wakayashika. Nimeyasema maelfu ya mara na nilikuwa nafikiri kumfuata ni kutoka nyumbani kwenda kanisani. Lakini yeye kwenye Injili muda mwingi yuko barabarani, yuko kwenye mitumbwi ya wavuvi, yuko forodhani kwa watoza ushuru, ameingia kushinda nyumbani kwa Zakayo, na wokovu ulipofika kwenye ile nyumba jambo la kwanza lililozungumzwa lilikuwa hela za watu. Kumbe tukimfuata kweli atatufikisha na shambani Isyonje saa kumi na mbili asubuhi, kwenye ukungu, mbele ya kikarai cha viazi kumi na tano.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wachungaji, mapadre, wainjilisti na makatekista mnaosoma gazeti hili, hasa mlio kwenye maeneo ya wakulima. Tuulizeni. Mnatuogopa sisi wenye magari na mnajua tunachofanya, maana mnakaa kijijini na mnaona magunia yakipita barabarani na vichwa vyake. Tuulizeni kama mnavyomuuliza kijana aliyekutwa kilabuni. Mimi ningeulizwa mwaka wa kwanza nisingefika wa kumi, au labda ningekasirika nikahama, lakini ningekuwa nimeambiwa. Na ninyi wafanyabiashara wenzangu mnaomwamini Kristo, sheria ya gunia la kilo 100 ipo na Wakala wa Vipimo wapo na wanakamata pale wanapofika, lakini shamba liko mbali na usiku ni mrefu na wao hawawezi kusimama kwenye kila tuta. Pimeni gunia moja tu. Msimwambie mtu. Litundikeni kwenye mizani stoo mkiwa peke yenu, msome namba, halafu mkumbuke jina la mtu aliyelima.

Ninyi wakulima nanyi nawaomba msituonee haya kwa sababu tumewachangia bati. Mkiona mzee wa kanisa anafuma kichwa mwambieni mzee hapana.

Wakati tunasubiri kikao, mizani nimenunua yangu, ya kuning'iniza, inapima mpaka kilo 150, imehakikiwa na ina lakiri. Vijana wawili wa kwaya ndo wanaitembeza kwa pikipiki, hatutozi kitu, mafuta natoa mimi. Alhamisi hii inaenda kwa yule mama, safari hii ana kama gunia nane na mnunuzi siyo mimi, ni yule mzee mwenzangu wa benchi moja. Mama amenipigia jana usiku kuniambia ameshamweleza kwamba mizani itakuwepo, na yule mzee amekubali kuja.

Ni mimi msomaji wako,
Mfanyabiashara wa viazi,
Mbeya